Nani Aulizwe Kilichomo Ndani ya Mkate

Iwekwe pizza moja kubwa mezani, Ijumaa ya Kwaresima, mbele ya wafanyakazi wanne wa bandari wanaokaa Changamwe, Mombasa. Juu yake pana nyanya, jibini, kamba na vipande vya pweza. Mkatoliki anashukuru, maana siku hiyo hagusi nyama, na vya baharini anaruhusiwa. Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waswahili wengi wa pwani, anakula kamba na pweza bila wasiwasi, kwa kuwa madhehebu yake yamehalalisha karibu kila kiumbe wa baharini. Mshia wa Ithnaashari anakula kamba na kumweka pweza kando: katika fikihi ya Jaafari, cha baharini kinacholiwa ni samaki mwenye magamba, na kamba ameingia humo kwa riwaya mahsusi. Msabato hataki hata kimoja, kwani Mambo ya Walawi sura ya 11 inataka kiumbe wa majini awe na mapezi na magamba, na hao wawili hawatimizi sharti hilo. Akija wa tano, Mmemoni anayefuata madhehebu ya Hanafi, pweza atamkataa, na juu ya kamba atakuta wanazuoni wake wenyewe hawajaafikiana, maana wapo wanaomhesabu kuwa samaki na wapo wanaosema si samaki.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja ladha.

Sasa afike wa sita, aseme kwamba nanasi halifai kuwekwa juu ya pizza. Huenda akalisema kwa ukali kuliko wote. Lakini "halifai" yake ni ya namna nyingine kabisa. Yeye anatetea kile ulimi wake umekizoea. Wale wengine wanatunza ahadi kati yao na Muumba wao. Mazungumzo ya chakula huyachanganya mambo haya mawili kila siku, na mchanganyo huo una madhara. Mwenye ladha hujifanya mufti, na mwenye dhamiri huambiwa anadeka.

Sheria za ladha nazo zina wenyewe, na wamezipigania kwa bidii. Mwaka 1984 watu wa Naples walianzisha chama kiitwacho Associazione Verace Pizza Napoletana ili kuilinda pizza ya mji wao. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaiandikisha pamoja na vyakula vya jadi vinavyolindwa kisheria, na maelezo yake hayana mzaha: upana usizidi sentimita 35, ukingo uinuke sentimita moja hadi mbili, tanuri liwe la kuni na joto lake lifike nyuzi 485 za Selsiasi, mkate ukae humo sekunde 60 hadi 90 na si zaidi. Mwaka 2017 UNESCO ikaitambua sanaa ya wapishi hao kuwa urithi wa binadamu wote. Kwa mizani hiyo, sehemu kubwa ya pizza zinazoliwa duniani zimekosea. Chicago, tangu Pizzeria Uno ilipofunguliwa mwaka 1943, wanaioka katika chombo chenye kina, jibini ikitangulia chini na nyanya zikifuata juu. Detroit huioka mraba, desturi iliyoanza mwaka 1946 pale Buddy's kwa trei za chuma zilizokuwa zikitumika katika viwanda vya magari. Wajapani hutia mahindi na mayonezi, Waswidi ndizi na bizari, watu wa São Paulo njegere. Na nyanya zenyewe, ambazo Naples inaziona kuwa damu yake, zilifika Ulaya kutoka Amerika baada ya safari za Kolombo. Kabla ya hapo hakuna Mnapoli aliyewahi kuionja hata moja.

Nanasi lilipanda juu ya pizza mwaka 1962 mjini Chatham, Ontario, kwa mkono wa Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada na kufungua mkahawa. Mwaka 2017 Guðni Jóhannesson, wakati huo rais wa Iceland, aliwaambia wanafunzi kwamba lau angeweza angelipiga marufuku. Maneno yake yakazunguka dunia, na ikambidi aeleze kwamba hana uwezo wa kutunga sheria ya namna hiyo na kwamba anafurahi kutokuwa nao. Alianza kwa utani, lakini maelezo yake ya pili yana uzito kwa yeyote anayefikiri juu ya mipaka ya mamlaka. Ladha haina haki ya kumlazimisha mtu mwingine, hata ikiwa ladha ya rais.

Ipo pizza ambayo sheria yake haikutoka kwa wapishi. Waitalia waliacha tambi na pizza katika miji ya Pembe ya Afrika, na Addis Ababa ikazipokea. Lakini Mkristo wa Othodoksi wa Ethiopia hufunga kama siku 180 kwa mwaka, zikiwemo Jumatano na Ijumaa nyingi, na katika siku hizo hali nyama, maziwa wala mayai. Ndipo migahawa ya huko ikawa na pizza ya mfungo: mkate, nyanya na mboga, bila jibini. Naples nayo ina marinara, yenye nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, nayo haina jibini. Zikiwekwa pamoja, mgeni anaweza kushindwa kuzitofautisha. Moja haina jibini kwa sababu ndivyo inavyopikwa, na nyingine kwa sababu mlaji ameahidi. Mtoto wa madrasa ya Kisauni ameshafundishwa jambo hili kabla hajajua kuandika barua, kwa kuwa Hadithi ya kwanza katika Arbaini ya Imamu Nawawi inahusu nia. Uzito wa kidini wa chakula hautazamwi kwenye kile kilichomo sahanini peke yake. Hutazamwa pia kwa yule anayekila na sababu yake.

Mombasa ya bara ina mkate wake wa kujazwa. Jua likishatua, kando ya barabara za Likoni, Magongo na Kisauni, karibu na karai za viazi na majiko ya mishkaki, mwuzaji huchukua donge dogo la unga wa ngano lililolala katika mafuta, akalitandaza kwa viganja juu ya meza mpaka likawa jembamba kama shashi. Katikati huweka kima cha ng'ombe kilichokwisha kupikwa, kitunguu kilichokatwa, pilipili na kotmiri, akavunja yai juu yake, akakunja pande nne na kulitia kwenye kikaango kipana. Mteja amesimama mbele yake. "Ami, nitie mayai mawili," anasema, au, "Mama, pilipili kidogo, huu ni wa mtoto." Huo ndio mkate wa mayai wa kima, ambao usichanganywe na ule mtamu wa kuokwa unaoliwa na chai.

Ndugu zake wametapakaa Bahari ya Hindi yote. Yemen na Hijazi wana mutabbaq. Malaysia na Singapore wana murtabak, na mkahawa wa Zam Zam, unaoutazama Msikiti wa Sultan mjini Singapore, umekuwapo tangu mwaka 1908. Indonesia wana martabak. Unguja, pale Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, wauzaji wameuita pizza na kuufungulia mlango kila kitu: kuku, kamba, jibini, mayonezi, hata ndizi na chokoleti kwa watalii. Mkate wa Mombasa ya bara umeshikilia kima na yai. Kwa ladha, mwenye kuandika haya angesimama upande wa Likoni. Lakini kwa kanuni iliyokwisha kutajwa, hilo halimfungi mtu wa Forodhani hata chembe.

Kuna jambo jingine la kutazama katika mikate hii miwili, pizza na mkate wa mayai, nalo ndilo lililobeba swali la dini. Pizza imefunuliwa: kila kilichotiwa kinaonekana juu yake. Mkate wa mayai umefunikwa: akipewa mtu aliyekuja mwisho, hawezi kujua kilichomo mpaka aumege. Ingetarajiwa basi kwamba shaka itakuwa kubwa kwa uliofunikwa. Mambo yako kinyume. Mkate wa mayai umejazwa mbele ya macho ya mteja, na mwuzaji ni mtu wa mtaa huo huo, nyama kainunua kwa mwenye bucha anayejulikana. Pizza imetoka jikoni nyuma ya kaunta, na kile chenye shaka zaidi juu yake kinaonekana wazi kabisa, cheupe, kimeyeyuka, hakina siri usoni. Ni jibini.

Maziwa hayawi jibini ngumu bila kigandishi. Tangu zamani kigandishi hicho kilitolewa katika tumbo la ndama au mwanakondoo anayenyonya, na hapo ndipo wanazuoni walipogawanyika. Madhehebu ya Shafi yanasema kigandishi ni tohara iwapo mnyama amechinjwa kisheria na hajala chochote isipokuwa maziwa. Akifa kibudu, au akichinjwa isivyo, kigandishi chake ni najisi. Imamu Abu Hanifa alikiona tohara hata kikitoka kwa mnyama asiyechinjwa kisheria, na wanaomuunga mkono hukumbusha kwamba Masahaba walipoingia Iraki walikula jibini iliyotengenezwa na Wamajusi, ambao nyama yao ilikuwa haramu. Imepokewa pia na Tirmidhi na Ibn Majah, kupitia kwa Salman al-Farsi, kwamba Mtume aliulizwa juu ya samli, jibini na mavazi ya manyoya, na jibu lilikuwa kwamba halali ni aliyoihalalisha Mungu katika Kitabu chake, haramu ni aliyoiharamisha, na aliyoyanyamazia ameyasamehe. Kwa hiyo anayedhani swali la jibini limeletwa na migahawa ya Nyali amechelewa kwa karne kumi na nne.

Kilicholetwa na zama hizi ni umbali. Pizza Inn, jina lililozaliwa Dallas mwaka 1958, ilifika Kenya kupitia kampuni ya Zimbabwe, na kwa miaka mingi Jumanne yake ya kununua moja na kupewa ya pili imewakutanisha wafanyakazi na wanafunzi ambao zamani wangekula nyumbani. Hilo ni jema. Lakini kijana anayeitoa pizza hiyo tanurini hajui ng'ombe wa jibini ile alikuwa wa nani. Hata kiwanda kinaweza kuwa na majibu matatu tofauti. Kipo kigandishi cha ndama. Kipo cha kuvu. Na tangu mwaka 1990, Marekani ilipokiruhusu, kipo kile kinachotengenezwa na vijidudu vilivyotiwa jeni ya ndama, ambacho leo ndicho kinachotumika kwa sehemu kubwa ya jibini za viwandani. Parmigiano Reggiano yenyewe haina hiari, maana kanuni zake zinadai kigandishi cha ndama. Mshafi anayefuata madhehebu yake kwa uaminifu ana sababu ya kuuliza ni kipi kilichotumika. Mtu asiyekula mnyama yeyote, awe Mhindu, Mjaini au mwingine, ana sababu kubwa zaidi.

Je, ni wajibu wao kuuliza?

Hapa vitabu vya dini vinasema mambo mawili yanayovutana, wakati mwingine ndani ya jalada moja. Katika Arbaini, Hadithi ya sita inafundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na kati yake yapo mambo yenye shaka ambayo mwenye kujilinda huyaepuka. Ya thelathini inafundisha kwamba Mungu ameyanyamazia mambo kwa huruma, si kwa kusahau, na kwamba watu wasiyachimbe. Mtoto akizihifadhi zote mbili, amebeba mvutano huo maisha yake yote. Bukhari amepokea kutoka kwa Aisha kwamba watu walileta nyama kwa Waislamu, na haikujulikana kama jina la Mungu lilitajwa wakati wa kuchinja. Wakaambiwa walitaje wenyewe, wale. Hawakuambiwa waende kuchunguza.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye naye alikuwa Mshafi, alitenga kitabu kizima cha halali na haramu ndani ya Ihya yake, na suala la kuuliza akalipa mlango wake. Mwenyeji asiyejulikana, ambaye hana dalili yoyote ya ubaya, asihojiwe juu ya chakula chake: kumhoji ni kumdhania vibaya na kumuudhi, na kumuudhi Mwislamu ni dhambi iliyo wazi kuliko shaka ya chakula. Anayetaka kujihadhari zaidi basi aache kula kwa upole. Zikiwepo dalili, aulize. Ila mwenye kutuhumiwa asiwe ndiye shahidi wa pekee, kwa kuwa ana maslahi yake. Ni mizani ya mtu aliyeketi kwenye vikao vingi vya chakula na kuona jinsi uchaji unavyoweza kugeuka ukatili.

Karne kumi kabla yake, Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, mji uliokuwa kati ya bandari mbili na wenye watu wa kila ibada. Nyama ya sokoni mara nyingi ilitoka kwenye sadaka za miungu. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 8 na ya 10, anawaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, na kula kwa mwenyeji anayewaalika. Lakini mtu akisema wazi kwamba nyama hii ilitolewa sadaka, waiache, na waiache kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Mwenye nguvu ya imani anaombwa asimkwaze aliye dhaifu. Paulo na Ghazali hawakukubaliana juu ya Mungu kwa mambo mengi, lakini katika hili wanakaribiana kwa namna ya kushangaza: chakula hakiliwi peke yake, kinaliwa pamoja na heshima ya aliyekipika na amani ya aliyeketi ubavuni.

Wote wawili, hata hivyo, walikuwa na soko la watu wanaoonana. Kutouliza kulikuwa ni kumwamini mtu mwenye uso. Katika kutouliza mbele ya jibini iliyovuka bahari hakuna aliyeaminiwa. Ni uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Ndiyo maana mwenye kuandika haya anaona kwamba swali lenyewe limehama. Zamani lilikuwa juu ya mlaji: aulize au asiulize? Leo limemwangukia anayelisha.

Watu wa pwani walikwisha kulijibu kwa matendo kabla halijaandikwa kwenye karatasi. Mikindani au Mtongwe, familia ya Kikristo ikiwa na harusi au matanga, na majirani Waislamu wamealikwa, Mwislamu mmoja huitwa mapema aje achinje mbuzi na kuku. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwenyeji ameliondoa swali kabla ya wageni kufika. Machinjio mengi ya Kenya nayo hufanya vivyo hivyo: wachinjaji ni Waislamu ili nyama iuzike kwa wote, na Mkristo anayeinunua hapungukiwi na kitu katika imani yake. Ramadhani, sahani za futari huvuka vichochoro kuelekea nyumba zisizofunga, na Krismasi sahani hizo hurudi na chapati. Hakuna anayemtaka mwenzake abadili dini ili chakula kiliwe.

Utaratibu huo hauendi wenyewe, na wala hauzuii kila balaa. Likoni ya Agosti 1997, watu walipouawa na nyumba kuchomwa kwa sababu ya walikotoka, ilikuwa na majirani waliokuwa wakipelekeana sahani. Na Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uliishia kwa mchungaji kuuawa. Hapo ladha haikuwamo hata kidogo. Watu waliokula nyama moja kwa vizazi waligeuza swali la kisu kuwa swali la nani mkubwa. Anayewacheka wenye kuuliza juu ya chakula, akidhani ni mambo ya jikoni tu, aikumbuke Buseresere. Na anayeuliza kwa sauti ya kutawala aikumbuke vilevile.

Turudi kwa pizza, maana ina njia yake ya kuwakalisha watu pamoja ambayo mkate wa mayai hauna. Inaweza kugawanywa nusu kwa nusu. Upande mmoja kamba na pweza, upande wa pili uyoga na pilipili hoho, na meza ile ya wafanyakazi watano ikapata nafuu. Lakini nusu kwa nusu ina masharti. Mchuzi wa pweza hutiririka. Kisu cha gurudumu hupita pande zote mbili. Kwa yule ambaye pweza ni chakula asichoruhusiwa tu, huenda hilo likavumilika akiondoa kilichogusana. Nyama ya nguruwe ikiwa upande wa pili, kwa Mshafi mafuta yake ni najisi, na kisu, ubao na koleo la tanuri vyote vimeingia katika hesabu. Mjaini anayefuata dini yake kwa ukamilifu, ambaye hali kitunguu wala kitunguu saumu kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea pamoja na viumbe wa udongoni, hana nusu ya kula ikiwa mchuzi wa nyanya tayari una vitunguu saumu. Ahmedabad na Mumbai wapishi wamelizoea hilo na humpikia mchuzi wake. Mombasa, yenye hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe kisiwani, haina udhuru wa kushangaa akiuliza.

Kwa hiyo kanuni ya kukaa pamoja inaweza kusemwa hivi. Katika ladha, kila mtu na wake, nanasi liwekwe upande wa anayelitaka. Katika dhamiri, mwenye sharti kali apewe chombo safi na habari ya kweli, bila kuwalazimisha wengine wale anavyokula yeye. Ithnaashari hana haki ya kumnyima Mkatoliki pweza wala Msabato hana haki ya kumnyima Mshafi kamba. Kila mmoja ana haki ya kutodanganywa.

Na hapa cheti ukutani hakitoshi. Shirika la Kenya Bureau of Halal Certification hutoa vyeti vya halali kwa viwanda, machinjio na migahawa, na kazi hiyo imewaondolea wengi adha. Ila Minhaj ya Nawawi, kitabu kinachoheshimiwa mno katika darasa za Kishafi, ina kanuni moja katika mlango wa maji inayofaa kusomwa upya. Mtu mwaminifu akileta habari kwamba maji haya yamenajisika, habari yake inategemewa akitaja sababu. Asipoitaja, inategemewa endapo yeye mwenyewe ni mwanafikihi wa madhehebu yale yale. Sababu ya sharti hili ni wazi: kinachonajisi kwa mmoja huenda hakinajisi kwa mwingine, na msikilizaji ana haki ya kupima. Jibini ni mfano kamili. Neno "halali" likitolewa na mwenye kufuata rai ya Abu Hanifa juu ya kigandishi, ni kweli kwake, na Mshafi wa Kisauni anaweza kuwa anakula kile ambacho madhehebu yake yamekizuia, wala hakuna aliyesema uongo.

Shahidi akitaja sababu, mlolongo wote unabadilika. Orodha ya vyakula ingeandika aina ya kigandishi kama inavyoandika kiasi cha pilipili. Mshafi angejua, Mjaini angejua, Mkristo wa Othodoksi aliye safarini kutoka Addis angejua kama unga umekandwa kwa maziwa, na mtu ambaye mwili wake tu ndio unaokataa maziwa angenufaika pia, bila kulazimika kumweleza mtu dini yake. Gharama yake ni wino.

Kwa sasa anayebeba mzigo ni kijana wa kaunta, mara nyingi mkazi wa Bombolulu au Mtopanga, mwenye mshahara mdogo na foleni ndefu mbele yake. Mama aliyevaa buibui anamwuliza, "Mwanangu, jibini hii imegandishwa kwa nini?" na yeye, kwa adabu na kwa kutaka kumridhisha, anajibu, "Ni halali mama, usijali." Asilaumiwe, kwa kuwa hakufundishwa jibu jingine. Lakini jibu hilo limemfanya shahidi wa jambo asilolijua, na mama ameondoka na dhana akidhani ni habari. Lingemfaa zaidi "Sijui mama, ngoja nikaangalie," kisha aende kweli. Pakiti iko ndani ya friji, hatua chache kutoka kaunta, na mara nyingi aina ya kigandishi imechapishwa ubavuni mwake; isipochapishwa, meneja anaweza kumpigia simu mwenye kiwanda asubuhi na jibu likabandikwa karibu na bei kabla ya wateja wa jioni kuingia.